NANI ALIANGALIA BEMBEA?
(Maelezo juu ya kulinda viwanja vya michezo ya watoto)



Kila mwaka mkubwa wa wanafunzi anaombwa kuandika juu ya usafi wa uwanja. Mnajua maneno yale: okota karatasi, usipite katikati ya maua, usivunje matawi ya miembe. Ni maneno mazuri, na siyaondoi. Lakini mwaka huu nina neno lingine ndani ya moyo, na ni lazima nilitoe mbele ya kumaliza masomo. Ni juu ya mahali watoto wanapochezea, na juu ya kazi ya kupaangalia. Wengine watasema: "Ile ni mambo ya batoto kidogo, sisi tuko bantu ya kalasi ya sita." Ngojeni kwanza, someni mpaka mwisho.

HABARI YENYEWE

Mwaka uliopita, wakati wa mvua za kwanza, mtoto wa miaka saba alianguka toka kwenye bembea (ile wengi wetu tunaita balansware) ndani ya masomo moja ya watoto hapa mjini kwetu. Jina la masomo siandiki, wala jina la mtoto, kwani sitaki kumpatisha mtu haya. Ndoano iliyoshika mnyororo ilikatika wakati bembea ilikuwa juu. Mtoto akaanguka juu ya betoni inayoshika mguu wa bembea. Mkono ulivunjika mahali pawili. Leo umepona, lakini haunyooki sawasawa, naye anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Sasa niseme neno ambalo sikulisema wakati ule. Majuma matatu mbele ya siku ile, nilikuwa nimesimama chini ya bembea ile ile, ninangoja mdogo wangu atoke kalasini. Niliinua macho nikaona ndoano. Chuma yote ilikuwa nyeusi na kutu, lakini mahali pamoja, pale mnyororo unapogusa, ilikuwa inang'aa kama sarafu mpya. Tena pale ilikuwa nyembamba. Niliona vizuri. Nikasema moyoni: "Si kazi yangu. Masomo ile iko na direkta wake." Nikamshika mdogo wangu mkono, tukaenda nyumbani.

Baadaye, watu walipoanza kuulizana, neno lilikuwa moja tu: nani aliangalia bembea? Walimu walisema ni kazi ya mlinzi. Mlinzi alisema ni kazi ya direkta. Direkta alisema bembea ililetwa na kamati ya wazazi. Kamati ya wazazi walisema waulize fundi aliyeisude. Na fundi, mzee mmoja, alijibu hivi: "Mimi nilisude muzuri, miaka sita sasa. Chuma inasemaka. Fasi yenye kungaa njo fasi yenye kulika. Lakini mutu wa kuangalia alikuwa nani?"

Wandugu, yule mzee hakusoma fizika, lakini alituambia amri ya kwanza ya kazi hii. Kutu inafunika chuma isiyoguswa. Pale chuma inang'aa, kuna kitu kinasugua, na kila siku kinakula kidogo. Mimi nilikuwa nimeona, na nilinyamaza. Ndiyo sababu ninaandika.

KWA NINI MTOTO ANAUMIA

Tuchukue fizika tunayojifunza hapa hapa. Kitu kinachoanguka kinaongeza mbio kila meta kinayoshuka. Mtoto akianguka toka meta 1, anafika chini kwa mbio ya kilometa 16 kwa saa. Toka meta 2, ni zaidi ya kilometa 22 kwa saa. Toka meta 3, ni karibu kilometa 28 kwa saa. Ni kama mtu anayeshuka mlima na kinga bila freni, halafu anapiga ukuta.

Lakini si mbio peke yake inavunja mfupa. Kinachovunja ni kusimama ghafula. Mtoto akianguka toka meta 1 na nusu, na udongo ukashuka santimeta 1 tu chini yake, nguvu ya kumsimamisha ni karibu mara 150 ya uzito wake. Udongo ukishuka santimeta 10, nguvu ile inakuwa karibu mara 15. Mtoto ni yule yule, bembea ni ile ile, lakini mmoja anakwenda hospitali na mwingine anasimama, anapangusa mchanga, anacheka.

Basi neno kubwa la kiwanja cha watoto haliko juu, liko chini ya miguu. Hapa Kamina tunajua udongo wetu. Wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama tofali. Tena chini ya bembea miguu ya watoto inachimba shimo, mvua inabeba mchanga, na betoni iliyokuwa imefichwa inatokea nje kama kichwa cha jiwe. Kila mtu anapita, hakuna anayeona, kwa sababu ilitokea polepole.

NCHI ZINGINE ZINAFANYAJE

Zamani hata Ulaya na Marekani waliweka bembea juu ya betoni na makadamu, na watoto wengi waliumia. Walipoanza kuhesabu walioletwa hospitalini, waliona kwamba sehemu kubwa waliumia kwa kuanguka chini. Wakaanza kuandika amri. Marekani, ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi wa vitu ilitoa kitabu chake cha kwanza juu ya viwanja vya watoto mwaka 1981. Nchi za Ulaya, baada ya kila moja kuwa na amri zake, zilikubaliana amri moja mwaka 1998, inayoitwa EN 1176.

Ndani ya amri zile nimechagua mambo manne tu yanayoweza kutusaidia hapa, bila franga nyingi.

Jambo la kwanza ni urefu. Ulaya wanasema mtoto asiweze kuanguka toka juu kupita meta 3. Na chini yake waweke kitu chororo. Mchanga wa mto, usio na udongo wa mfinyanzi, unaweza kufanya kazi ile kama unina wake ni santimeta 30. Mchanga wa mto hatuuagizi Ulaya.

Jambo la pili ni matundu. Tundu lolote lililozungukwa pande zote, kama nafasi kati ya vyuma viwili au kati ya vidaraja vya ngazi, lisiwe kati ya santimeta 9 na santimeta 23. Kwa nini? Kwa sababu mtoto anapita miguu kwanza. Miguu inapita, kiuno kinapita, mabega yanapita, lakini kichwa chake ni kikubwa kuliko mwili wake, kinabaki. Mtoto anatundikwa kwa shingo. Tundu dogo kuliko santimeta 9, mwili haupiti. Tundu kubwa kuliko santimeta 23, kichwa nacho kinapita. Katikati ndipo kuna kifo.

Jambo la tatu ni nafasi ya bembea. Wamarekani wanashauri kuacha mbele na nyuma mara mbili ya urefu wa chuma cha juu. Kama chuma iko meta 2 na nusu, mbele acha meta 5 na nyuma meta 5, bila jiwe, bila ukuta, bila mtoto anayepita. Bembea haiumizi wale wanaokaa juu yake peke yao, inaumiza pia wadogo wanaopita mbele yake. Ndiyo maana kiti cha kipande cha mpira wa motokari ni bora kuliko ubao mzito au chuma.

Jambo la nne, nalo kwangu ndilo kubwa, ni desturi ya kuangalia. Wanaita mara tatu. Kuna kuangalia kwa macho, kila siku au kila juma: chupa zilizovunjika, ndoano iliyofunguka, mchanga uliokwisha. Kuna kuangalia kwa mikono, kila mwezi mpaka miezi mitatu: kutikisa, kukaza, kupima. Na kuna kuangalia kwa mwaka, mara moja, na mtu anayejua kazi na ambaye si yule wa kila siku. Sababu yake ni wazi. Macho yaliyozoea hayaoni tena.

Hata hivyo, msifikiri ni Wazungu peke yao walioanza kuwaza hivi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Waisraeli waliambiwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba ile. Tazameni vizuri: amri ile haikumwambia mgeni asipande juu. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge ukingo.

SHERIA INASEMA NINI

Wengine wanafikiri mchezo ni zawadi: mtoto akifanya vizuri anapewa, akikosa ananyang'anywa. Si hivyo. Mkataba wa Mataifa juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliukubali mwaka 1990. Tena tuna sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto. Na masomo yetu ya makanisa yanaongozwa kwa mapatano na Serikali ya mwaka 1977: Serikali ina wainspekta wake, kanisa lina uongozi wake. Lakini inspekta akija anataka kuona kitabu cha mwalimu na daftari za wanafunzi. Hakuna atakayekuja toka mbali kila juma kutikisa bembea yetu. Kazi ile ni ya wale wanaolala karibu nayo.

Haki ya kucheza inataka pia mahali. Mjini Nairobi, nchi ya Kenya, kuna bustani kubwa ya watu wote, Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 wakubwa wa nchi walitaka kujenga ndani yake nyumba ya etaje 60 hivi. Mama mmoja, Wangari Maathai, aliandika barua huku na huku, akapinga. Walimcheka na kumtukana, lakini mwishoni kazi ile iliachwa, na bustani ikabaki. Mwaka 2004 alipata zawadi ya Nobel ya amani. Na Unguja, bustani ya Forodhani kando ya bahari ilikuwa imechakaa. Ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, na mahali pa watoto kucheza pakawekwa ndani yake. Ninataja mambo haya kwa sababu bembea bila ndoano inaweza kutengenezwa, lakini kiwanja kikisha kukatwa vipande na kuuzwa, hakirudi.

KUFUNGA SI KULINDA

Sasa narudi kwetu Kamina. Baada ya mtoto yule kuanguka, masomo ile ilifanya nini? Walizungusha waya, wakafunga mlango, wakaandika juu ya ubao: NI MARUFUKU KUCHEZA HAPA. Watu wengi walisema ni vizuri. Mimi pia nilisema ni vizuri.

Siku ya posho moja nilikutana na watoto wanne wa kalasi ya pili, mdogo wangu akiwa kati yao, magoti yao meusi na mafuta ya mashini. Nikauliza: "Mulikuwa wapi?" Mmoja akanijibu bila woga: "Yaya, kule kwetu balifunga mulango. Sasa tunaendaka kuchezea ku bawago."

Mnajua maana yake. Mji wetu ulikua pamoja na reli. Njia ya Bukama mpaka Ilebo, zamani Port-Francqui, ilimalizika mwaka 1928, na ile ya kwenda Kabalo mwaka 1956. Zote mbili zinakutana hapa. Wago zilizosimama ni kama ngazi kwa mtoto, ni nyumba, ni mlima. Lakini wago inaweza kusukumwa toka mbali, na mtoto aliye chini yake hasikii kitu mpaka gurudumu linazunguka. Tena treni iliyobeba vitu vizito haiwezi kusimama kwa meta kumi wala kwa meta mia moja. Mtu anayeiendesha akimwona mtoto, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Basi tuliwatoa watoto kwenye bembea yenye ndoano moja mbaya, tukawapeleka chini ya magurudumu. Na hakuna aliyewapeleka kwa kusudi. Tulifunga mlango tu. Wandugu, mtoto haachi kucheza kwa sababu ya ubao ulioandikwa. Anabadili mahali. Anayefunga kiwanja ni lazima ajiulize kwanza: watakwenda wapi?

KIWANJA CHETU SISI WENYEWE

Baada ya kusikia neno lile nilimwomba Bwana Prefe wa masomo ruhusa ya kuangalia uwanja wetu, upande wanapocheza watoto wa walimu na wa jirani. Alikubali. Siku ya posho iliyopita, saa ya salongo, tulikwenda wanafunzi sita, na vitu hivi: meta moja ya fundi, bisibisi, jiwe la ngumi, kamba, daftari na kalamu. Hatukununua kitu.

Tulifanya hivi, na ninyi mnaweza kufanya vilevile mahali popote, hata kanisani kwenu au kartie yenu:

1. Simama mbali kwanza, tazama kiwanja chote. Je, kuna kitu kimeinama? Watoto wanapita wapi wakikimbia?

2. Shuka na macho mpaka chini. Tafuta vioo, misumari, betoni iliyotokea. Ingiza kijiti ndani ya mchanga upime unina.

3. Gonga kila nguzo ya chuma kwa jiwe, karibu na udongo. Pale ndipo maji yanapokaa na kutu inapokula. Chuma nzima inalia. Chuma iliyoliwa ndani inatoa sauti ya mkebe mbovu.

4. Nguzo ya mti, choma na bisibisi pale pale chini. Ikiingia bila nguvu, mchwa wamekwisha kufika.

5. Inua macho kwenye ndoano na minyororo. Tafuta mahali panapong'aa. Kama unene umepungua nusu, usingoje kesho. Ndoano iliyofunguka mdomo, ikunjwe mpaka ifunge.

6. Pima kila tundu: santimeta 9 mpaka 23 ni hatari.

7. Pitisha mkono polepole pembeni mwa bati na juu ya bulo. Kinachokata mkono wako kitakata uso wa mtoto.

8. Gusa tobogani ya bati saa sita ya mchana. Kama huwezi kuacha mkono wako juu yake, mtoto ataungua mapaja. Iwekwe kivulini mwa mti.

9. Sukuma goli za mpira.

10. Andika yote: tarehe, kitu gani, nani aliona, nani atatengeneza, lini. Neno lisiloandikwa linasahauliwa wakati wa chakula.

Tuliona nini? Mchanga chini ya bembea ulikuwa santimeta 4 tu. Ndoano moja ilikuwa imeliwa karibu theluthi. Kati ya vidaraja vya tobogani kulikuwa santimeta 14, na mlioelewa maneno ya juu mnajua ni nini. Mipira ya motokari iliyozikwa nusu ilikuwa na maji ndani, na watoto wa mbu walikuwa wanaogelea. Tuliitoboa chini maji yatoke. Bulo tatu zilikuwa zinatokea nje kama vidole.

Lakini lililotushtusha sana lilikuwa goli la mpira, ambalo sisi wakubwa tunalitumia kila siku. Mwenzetu alilisukuma kwa mkono mmoja, na miguu ya nyuma ikainuka. Halikufungwa na kitu chochote. Goli ile ni chuma nzito, na wadogo wanapenda kuning'inia juu yake kama popo. Nchi nyingi zimezika watoto kwa sababu ya goli zilizowaangukia. Siku ile ile tulipiga vyuma vinne vya betoni chini kwa nyuma, tukafunga. Sasa sukumeni muone.

Tulihesabu mambo kumi na moja. Saba tuliyatengeneza au tunaweza kuyatengeneza kwa mikono yetu. Mawili yanataka fundi wa kusude. Mawili yanataka franga kidogo. Bembea yenye ndoano mbaya hatukuiandikia ubao wa marufuku. Tuliondoa kiti na kufunga minyororo juu, mtoto asiweze kuifikia mpaka ndoano mpya ije. Na bembea ya pili tuliiacha wazi, ili wasiende reli.

AMRI ZA KIWANJA

Watu wengi wakisikia neno "amri" wanafikiri orodha ndefu: usipige, usipande, usiimbe. Amri nyingi mtoto hazishiki, na mlinzi anachoka nazo. Sisi tunapendekeza saba tu, na angalieni kwamba tatu za kwanza ni za wakubwa.

Kwa sisi wakubwa:
a) Kila siku ya posho wanafunzi wawili wanaangalia kiwanja na kuandika katika daftari. Jumatatu daftari linawekwa juu ya meza ya direkta wa nidhamu.
b) Kitu kibaya kinatolewa au kufungwa siku ile ile, si baada ya mkutano.
c) Wakati wa watoto kuna mkubwa mmoja anayewatazama, jina lake linajulikana.

Kwa watoto:
d) Mmoja mmoja juu ya tobogani, na kushuka miguu mbele.
e) Usipite mbele wala nyuma ya bembea inayokwenda.
f) Toa kamba ya ufunguo shingoni na kitambaa kirefu mbele ya kupanda, visikamatwe na chuma.
g) Radi ikianza kulia, wote ndani ya kalasi. Si chini ya mwembe! Mti mrefu peke yake unaita radi, na hapa kwetu radi si mchezo.

Na moja ya wote, isiyo na herufi: ukiona, sema. Mtoto wa kalasi ya kwanza ana ruhusa ya kumwambia mkubwa wa wanafunzi kwamba chuma inang'aa, na mkubwa asimfukuze.

NENO LA MWISHO

Mwisho wa mwezi huu walimu watakaa mkutano pamoja na kamati ya wazazi. Nimesikia kwamba wamoja wanataka vyuma vya kiwanja cha watoto vikatwe na kuuzwa, ili tusipate shida kama wale wenzetu. Ninawaheshimu, kwani wanawaza hivyo kwa kuogopa mtoto mwingine asivunjike. Mimi pia ninaogopa. Lakini kwa heshima yote ninawaomba wazazi na walimu wetu wafikiri mara ya pili. Mchanga wa mto tunaweza kubeba sisi wenyewe, siku mbili za salongo zinatosha. Fundi yule mzee amekubali kuja kuangalia mara moja kwa mwaka, naye haombi malipo, anaomba chakula cha mchana tu. Daftari limekwisha kufunguliwa, na ukurasa wa kwanza umejaa.

Mimi mwaka huu ninafanya egzame ya Serikali, halafu nitaondoka. Ninyi wa kalasi ya tano mtabaki na daftari. Ninamwomba yule atakayekuwa mkubwa wa wanafunzi nyuma yangu asilipoteze, na asiseme kama nilivyosema mimi siku ile chini ya bembea, kwamba si kazi yangu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mfupa wa mtoto haujengwi kama ukuta.

Wanaotaka kutusaidia kubeba mchanga, waje siku ya posho saa moja na nusu ya asubuhi, kila mtu na ndoo yake au karai. Wasichana na wavulana wote. Walimu nao wanakaribishwa!

Ni mimi ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, kalasi ya sita.